Mtu wa Kumuuliza

Nilipokuwa Kidato cha Nne, katika skuli moja ya kaskazini mwa Pemba, tuligaiwa fomu za kuchagua tahasusi tutakazosoma Kidato cha Tano, na tukaambiwa tuzirejeshe kesho yake asubuhi. Nyumbani hapakuwa na mtu wa kumuuliza. Mama alikuwa mkulima wa mwani, baba alikuwa dago, kambi ya wavuvi ya mbali, wiki ile, na kaka zangu wote walikuwa wameacha skuli kabla ya kufika pale nilipofika mimi. Nikaichukua fomu ya rafiki yangu na kunakili alichokiandika yeye: Historia, Kiswahili na Kiingereza. Mwenzangu alikuwa na sababu zake, kwa kuwa alitaka kuwa mwalimu wa lugha. Mimi sikuwa na sababu yoyote ila kwamba yeye alikuwa na hakika nami sikuwa nayo. Matokeo yalipotoka, alama zangu bora zilikuwa za Baiolojia na Kemia. Ilinichukua miaka mingi ya kuzunguka, kwa njia ya cheti na kisha stashahada, mpaka nikafika katika kazi ya maabara ninayoifanya leo hapa Chake Chake.

Sisimulii haya kwa kulalamika, wala siwalaumu walimu wetu, ambao walikuwa wachache na sisi tulikuwa wengi. Ninayasimulia kwa sababu kosa lile lingeweza kuzuiwa na mtu mmoja tu, aliyewahi kuipita njia ile kabla yangu, kama angekaa nami dakika kumi akaniuliza ninapenda nini na nimefaulu nini. Kwa watoto wengi wa Pemba mtu huyo hayupo, na hiyo ndiyo sababu iliyonifanya, tangu miaka sita iliyopita, niende katika skuli moja ya sekondari ya Wilaya ya Micheweni Jumamosi mbili za kila mwezi, bila ya malipo, kukaa na wasichana wanne au watano wa Kidato cha Tatu na cha Nne. Tuko wanawake watatu tunaofanya hivyo katika skuli ile, na wapo wanaume wawili wanaokaa na wavulana.

Watu huniuliza kazi hii inaitwaje. Wengine huiita unasihi, wengine ulezi wa kujitolea. Mimi napenda kuwakumbusha wazee wetu kwamba jambo lenyewe si geni hapa kwetu. Msichana wa Kiswahili alipokuwa anavunja ungo alikuwa na somo wake, mwanamke asiyekuwa mama yake, ambaye kazi yake ilikuwa kumwambia yale ambayo mama huona haya kuyasema na kumsikiliza yale ambayo msichana huona haya kumwambia mama. Somo hakuwa mwalimu wa chuoni wala hakuwa mzazi. Alikuwa mtu wa tatu, aliyechaguliwa kwa kuaminiwa, na uhusiano ule haukuisha siku msichana alipotolewa ndani. Uliendelea mpaka arusini na baada ya arusi. Ninapomweleza mzazi kwamba ninataka kuwa somo wa mwanawe katika mambo ya skuli, sihitaji kueleza zaidi.

Lazima nitofautishe jambo hili na tuisheni, kwa sababu wazazi wengi mwanzoni hudhani nimekuja kufundisha hesabu za bure. Tuisheni ina faida yake na sina la kuipinga, lakini mwalimu wa tuisheni hushughulika na somo la darasani, na saa yake ikimalizika amemaliza. Mimi hushughulika na mwanafunzi mwenyewe: amelala wapi, amekula nini, kwa nini hakuja Jumatatu, anataka kuwa nani, na kati ya hapo alipo na huko anakotaka kufika kuna karatasi gani, mitihani gani na watu gani. Nitaeleza mambo matatu ambayo nimeyaona kwa macho yangu kuwa ndiyo faida ya kazi hii, na la kwanza nitakaa nalo kwa muda mrefu kwa kuwa ndilo lililonifundisha zaidi.

Mwaka jana mwalimu wa darasa alinikabidhi msichana wa Kidato cha Tatu na kuniambia kwamba ni mtoro. Hakulisema kwa ubaya. Daftari la mahudhurio lilikuwa wazi mbele yake na alama za kukosa zilikuwa nyingi. Msichana mwenyewe alikuwa mpole, mwenye akili ya haraka, na kila nilipomuuliza kwa nini hakosi siku moja moja kama wenzake bali hukosa siku nne kwa mfululizo, aliinamisha kichwa. Nilimwomba mwalimu ruhusa ya kunakili zile tarehe. Usiku nilizipanga pembeni mwa kalenda ya Kiislamu iliyotundikwa sebuleni kwetu, na jambo likajieleza lenyewe. Siku zote alizokosa zilianguka mwanzo wa mwezi mwandamo au baada ya tarehe kumi na tano ya mwezi huo. Zilikuwa siku za bamvua.

Msomaji asiyekuwa wa pwani huenda hajui uzito wa jambo hili. Kilimo cha mwani kwa ajili ya biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na tangu hapo kimekuwa mikononi mwa wanawake kwa sehemu kubwa. Mwani haufanyiwi kazi kila siku. Wakati wa maji mafu bahari haitoki mbali, na kamba hubaki chini ya maji mengi. Mkulima hungojea bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, ndipo maji yanapokupwa sana na shamba kufikika kwa miguu. Na katika pwani zetu, maji ya bamvua hukupwa kiasi cha saa nne asubuhi. Hiyo ni saa ambayo mwanafunzi anatakiwa awe darasani. Basi msichana ambaye mama yake analima mwani na hana msaidizi mwingine hukutana na mgongano huu mara mbili kila mwezi, mwaka mzima, na mgongano huo hauandikwi popote katika daftari la mahudhurio isipokuwa kwa alama ileile anayoandikiwa mtoto aliyekwenda kucheza.

Nilikwenda kwao. Nilipokewa vizuri, nikawekewa mkeka, na baada ya salamu na maulizo ya hali nilimwonyesha mama ile karatasi. Alinijibu kwa upole, "Ni siku mbili tatu tu, mwanangu, kisha hurudi akasoma." Tukahesabu pamoja. Siku nne kwa bamvua moja ni siku nane kwa mwezi, katika mwezi ambao siku zake za masomo ni ishirini na mbili hivi. Alikuwa akikosa zaidi ya theluthi moja ya masomo yake. Mama yule hakuwahi kuliona kwa sura hiyo, na kusema kweli hakuna aliyekuwa na wajibu wa kulihesabu: mwalimu huona alama za kukosa bila ya kuiona bahari, na mama huiona bahari bila ya kuliona daftari. Mtu wa tatu ndiye anayeweza kuviweka vitu viwili hivyo juu ya mkeka mmoja.

Hatukupata suluhisho kamili, na sitaki kumdanganya mtu. Mama alikubaliana na mdogo wake wa kike, ambaye naye ana shamba lake, wasaidiane katika siku za bamvua zinazoanguka kati ya Jumatatu na Ijumaa, na msichana aende baharini zile zinazoanguka Jumamosi na Jumapili. Tena kazi ya kufunga mbegu kwenye kamba, ambayo haihitaji maji kupwa, aifanye jioni nyumbani. Bado hukosa siku moja hapa na pale, hasa mama mdogo anapougua. Lakini mwalimu wa darasa hamwiti tena mtoro, na yeye mwenyewe ameacha kuinamisha kichwa.

Kwa wavulana mgongano kama huo huja kwa dago, pale vijana wanapofuatana na wavuvi kwenda kuvua mbali na kulala huko kwa siku nyingi, na kwa wote huja wakati wa msimu wa karafuu, ambapo baadhi ya madarasa hupungua sana. Wenzangu wawili wanaokaa na wavulana wana hadithi zao na nitawaachia wazisimulie wenyewe.

Faida ya pili ni habari za njia. Ada si kikwazo kama ilivyo katika nchi nyingi, kwani Mzee Abeid Karume alitangaza elimu bila ya malipo tarehe 23 Septemba 1964, na hilo ni jambo ambalo kizazi chetu kinapaswa kulishukuru. Kinachowakwamisha watoto wa leo mara nyingi ni kitu kidogo mno ambacho hawakuambiwa kwa wakati. Chukua suala la majina. Mtoto amezaliwa akaandikishwa Hadija. Alipoanza skuli mwalimu akaandika Khadija. Alipofika Kidato cha Nne akasajiliwa kwa mtihani wa Baraza la Mitihani la Tanzania kwa jina la baba bila ya jina la babu, au kwa lakabu ya babu inayojulikana kijijini. Kwa miaka yote hiyo hakuna aliyejali. Siku anapotaka kuomba mkopo wa elimu ya juu, iwe ni kwa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 2011, au kwa ile ya Jamhuri ya Muungano, cheti cha kuzaliwa na cheti cha mtihani havisemi kitu kimoja, na dirisha la maombi halimngojei mtu. Ndipo huanza safari za kwa sheha, kiongozi wa serikali wa kijijini, za ofisi ya Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, na za kutafuta hati ya kiapo, katika wiki ambazo mwanafunzi alitakiwa awe anajaza fomu.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya na kila msichana mpya wa Kidato cha Tatu ni kumwomba alete cheti chake cha kuzaliwa, tukilinganishe na jina lililomo katika daftari la skuli, herufi kwa herufi. Kazi hii haina fahari yoyote. Haihitaji elimu kubwa wala fedha. Lakini likirekebishwa kabla ya usajili wa mtihani, kosa huwa limekwisha. Likingojewa mpaka baada ya Kidato cha Sita, huweza kumgharimu mtoto mwaka mzima. Baada ya hapo ndipo tunapozungumzia tahasusi: kwamba asiyesoma Fizikia na Kemia amejifungia milango fulani, kwamba kuingia shahada ya kwanza kwa matokeo ya Kidato cha Sita kunataka alama kuu mbili zenye jumla ya pointi zisizopungua nne, kwamba mtu hufika mbali pia kwa njia ya cheti na stashahada kama nilivyofika mimi, na kwamba siku hizi maombi hupelekwa katika chuo chenyewe. Kwa mtoto ambaye wazazi wake walisoma, mambo haya husikika mezani wakati wa chakula. Kwa wengine wote husikika kwa bahati.

Faida ya tatu ni lugha, na hapa naingia kidogo katika taaluma yangu. Wanafunzi wetu hufanya mtihani wa sayansi kwa Kiingereza, na wengi huyabeba maneno kama mtu anayebeba sanduku lililofungwa, bila ya kujua ndani mna nini. Msichana mmoja aliweza kunisomea kwa ghibu maana ya osmosisi, sentensi nzima bila ya kukosea, lakini nilipomuuliza inahusu nini alinyamaza. Nikamuuliza mbona embe mbichi ukilikata na kulitia chumvi kwa ajili ya achari hutoa maji na kunywea. Hapo alinieleza vizuri sana, kwa Kiswahili, kwamba chumvi ya nje inayavuta maji ya ndani, na kwamba ukizidisha chumvi embe huwa kama ngozi. Nilimwambia kwamba ameshaijua osmosisi tangu jikoni kwao, na kilichobaki ni kuipa majina yake ya Kiingereza. Tulikaa nusu saa tukiyatafuta majina hayo moja baada ya jingine. Mwalimu mwenye wanafunzi wengi mbele yake hawezi kumfanyia kila mmoja jambo hilo, lakini mtu anayekaa na wasichana wanne anaweza, na naamini mtoto akishajua kwamba elimu ya kitabuni na elimu ya jikoni ni elimu moja hukisoma kitabu kwa ujasiri mwingine.

Sasa niseme jambo linaloniuma. Mwaka wangu wa pili nilipelekwa Dar es Salaam kwa mafunzo ya kazi ya miezi mitatu. Safari ilikuja kwa haraka. Niliaga kazini na nyumbani, lakini skuli sikuaga. Nilijiambia kwamba wasichana wana walimu wao na hawatanihitaji. Niliporudi, mmoja wao, ambaye alikuwa amenieleza siri nzito ya nyumbani kwao wiki mbili kabla sijaondoka, hakutaka tena kukaa nami. Aliniamkia kwa adabu, akanijibu nilichomuuliza, na hakusema neno la ziada mpaka alipomaliza skuli. Nilimwomba radhi, naye alisema amenisamehe, lakini alichokuwa amekifungua alikuwa amekifunga.

Baadaye nilisoma kwamba jambo hili limechunguzwa. Nchini Marekani kuna shirika linaloitwa Big Brothers Big Sisters, ambalo chimbuko lake ni New York mwaka 1904, na kazi yake ni kumkutanisha mtoto na mtu mzima wa kujitolea. Utafiti uliotolewa mwaka 1995 uliwafuatilia vijana 959 wa umri wa miaka 10 hadi 16 katika miji minane. Baadhi yao walipewa mlezi mara moja na wengine wakawekwa katika orodha ya kungoja, kwa kura. Waliopata mlezi walitoroka skuli kwa siku chache zaidi, karibu nusu ya zile za wenzao, na walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuanza kutumia dawa za kulevya. Lakini lililonigusa zaidi ni uchambuzi wa mwaka 2002 wa Jean Grossman na Jean Rhodes, waliorudi katika habari za vijana walewale na kuuliza uhusiano ulidumu kwa muda gani. Faida kubwa ilikuwa kwa wale ambao walezi wao walidumu nao mwaka mmoja au zaidi. Wale ambao uhusiano wao ulivunjika ndani ya miezi mitatu walionekana kushuka katika kujithamini kwao. Nilipousoma uchambuzi huo nilimkumbuka yule msichana, na moyo ulinisononeka.

Kwa sababu hiyo, anapokuja mtu kwetu mwenye ari na huruma akitaka kujiunga, swali letu la kwanza halihusu elimu yake. Tunamuuliza kama atakuwepo Pemba mpaka mwakani. Asiyeweza kuahidi tunamshukuru na kumpa kazi nyingine: aje siku moja azungumze na darasa zima juu ya kazi yake, au atusaidie nauli ya gari la Konde, au atutafutie vitabu. Hizo nazo ni kazi za heri na hazimvunji mtoto moyo zikimalizika.

Tuna masharti mengine machache tuliyokubaliana na mwalimu mkuu na wazazi. Wanawake hukaa na wasichana na wanaume hukaa na wavulana. Tunakaa skulini, darasani, mlango ukiwa wazi, baada ya sala ya adhuhuri ili tusiingilie wakati wa madrasa ya asubuhi. Hatuwapi wanafunzi fedha. Hatuwasiliani nao kwa simu usiku, na ujumbe wowote hupitia kwa mzazi. Tukisikia jambo la hatari kwa mtoto hatulifanyi siri yetu. Tunampeleka kwa mwalimu mnasihi, na mwanafunzi huambiwa hivyo tangu siku ya kwanza ili asije akaona amesalitiwa. Baadhi ya watu waliona masharti haya ni mazito mno kwa kazi ya kujitolea. Mimi naona ndiyo yaliyowafanya wazazi watuachie watoto wao.

Yule msichana wa bamvua sasa yuko Kidato cha Nne, na mtihani wake ni Novemba. Mtihani huo huchukua zaidi ya wiki mbili, kwa hiyo hauwezi kupita bila ya kukutana na bamvua. Jumamosi iliyopita nilifika kwao na ratiba, nikidhani nitalazimika kulieleza jambo hilo taratibu. Mama alinionyesha kalenda yake ukutani. Alikuwa ameshazizungushia wino mwekundu siku zote za mtihani, na pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, ameandika jina la mdogo wake kwenye zile siku nne ambazo maji yatakupwa sana.